Namba Kumi na Moja

Kengele ya mwenyekiti wa halmashauri ilikuwa ndogo, ya shaba, mlio wake kama kijiko kilichoanguka sakafuni. Ikilia mara moja, madiwani nyamazeni. Ikilia mara mbili, chai. Mwanamke aliyeipika chai hiyo alikuwa na mwaka wa sita katika jiko lile, na jengo zima lilimwita Mama Chai, hata wale waliolijua jina lake. Alikuwa na jambo moja la kujivunia duniani: kengele ikilia mara mbili, kabla mlio haujafa, mlango unafunguka na sinia linaingia.

Siku hiyo nayo liliingia. Chupa mbili, vikombe kumi na tisa, mkate uliopakwa siagi, mayai ya kuchemsha. Na chini ya bakuli la sukari, mahali pake pa siku zote, karatasi ya posho. Diwani hunywa, hutafuna, hutia sahihi, hupokea bahasha yake kwa karani, kisha hukumbuka ghafla kwamba ana mgonjwa wa kwenda kumtazama. Mama Chai alikuwa amezoea kuwapisha mlangoni, mgongo ukutani, sinia kifuani. Lakini safari hii macho yake hayakuwa kwenye vikombe. Yalikuwa kwenye karatasi ya ajenda iliyolala mbele ya mwenyekiti, ikiwa imetiwa vema hadi namba nane. Barua ya mtaa wao ilikuwa namba kumi na moja.

Mwenyekiti alihesabu vichwa kwa ncha ya kalamu. "Sita, saba. Akidi haipo, ndugu zangu. Yaliyobaki tutayaangalia kikao kijacho, Mungu akitujalia."

Ilikuwa mara ya tatu Mungu kusingiziwa.

&nbsp;

"Wamekataa?" mumewe aliuliza. Alikuwa amepiga magoti sakafuni akipanga matofali chini ya cherehani yake. Huyu mtaa ulimwita Fundi, na chumba cha mbele cha nyumba yao ndicho kilichokuwa duka lake.

"Hawakukataa."

"Kwa hiyo wamekubali."

"Hawakukubali."

"Sasa wamefanya nini, mke wangu?"

"Wamekunywa chai."

Kitandani, mama yake Fundi alicheka hadi akakohoa. Kitanda chake kilikuwa kimeinuliwa juu ya makopo manne ya rangi, kwa hiyo bibi huyu aliitazama familia yake kutoka juu kama hakimu. "Funika kombe mwanaharamu apite," alisema. "Hao wanalifunika hilo jambo. Ila mwanaharamu mwenyewe hapiti. Yumo humu ndani na sisi, kila mvua."

Maneno ya kweli hayo. Mtaro mkubwa wa mtaa ulipita nyuma ya nyumba yao, na chini kidogo, palipojengwa ghala jipya, ulikuwa umeminywa ukabaki mwembamba kama mshipi. Mvua kubwa zikianza, maji hufika kwenye ukuta wa ghala, hushangaa kidogo, kisha hugeuka na kuingia kwa Fundi. Mwaka uliopita yaliingia asubuhi, watu wakinywa uji, yakapanda hadi kwenye rafu ya chini. Vitambaa vya wateja kumi na wawili vilipata matope. Kimoja kilikuwa cha mwenyekiti mwenyewe: kitambaa cheupe cha shati, ukosi namba arobaini na mbili, kimeshakatwa, kinangoja kushonwa. Fundi alikilipa. Alikwenda kuomba radhi amesimama barazani kwa mwenyekiti, kofia mkononi, na mke wa mwenyekiti akamwambia, "Fundi mzima unaweka nguo za watu chini kama viazi?"

Tangu hapo wateja walipungua. Hakuna aliyegombana naye, la. Walimsalimu vizuri, wakamuulizia hali ya mama, kisha wakapita na mifuko yao kwenda kwa fundi mwingine. Mtu hapeleki kitambaa chake kikajifunze kuogelea.

"Nimeongea na kaka," Fundi alisema, bado anahangaika na tofali. "Ana kona kwenye duka lake. Cherehani itakaa. Mimi nitalala palepale. Wewe na watoto mtakwenda kwa dada yako."

"Na Mama?"

Bibi ndiye aliyejibu, kutoka juu ya makopo. "Mama ni boya. Atabaki aelee."

"Mama, usiseme hivyo."

"Niseme vipi? Kwa kaka yako nafasi ni ya cherehani, kwa dada wa mkeo nafasi ni ya watoto. Mimi si cherehani, na utoto nimeumaliza zamani."

Mama Chai akaona mumewe anapangusa tofali lililokwisha kuwa safi.

"Kuna kikao kimoja kabla ya mvua," alisema. "Mwezi ujao. Ngojeni hicho."

"Hicho ndicho cha mwisho," Fundi alisema. "Namba ikipita tena, tunahama."

&nbsp;

Mama Chai alikuwa na tabia moja ambayo shule ya msingi haikummalizia: kuuliza. Mwalimu wake alimwambia wakati ule kwamba maswali yake yanakula muda wa wenzake. Sasa alikuwa mtu mzima, na swali lililomkaa kooni lilikuwa jepesi kabisa. Barua ikishaingia kwenye jengo hili, inakwenda wapi?

Akaanza kuifuatilia kwa ufagio na kitambaa cha vumbi. Mapokezi walimwonyesha daftari: barua ilifika, ikagongwa muhuri. Masjala walimwonyesha faili: barua imo, ina namba, imetobolewa matundu mawili kwa adabu kabisa. Hakuna aliyeipoteza, na hakuna aliyeikalia. Hilo lilimshangaza kuliko wizi. Alikuwa amejiandaa kumkuta mwizi.

Mwisho akafika kwa karani wa vikao, mzee mkavu wa miaka karibu na kustaafu, aliyevaa miwani iliyofungwa uzi. Alimwekea kikombe mezani, akaanza kufuta vumbi mahali pasipo na vumbi.

"Sema, Mama Chai," karani alisema. "Meza hiyo uliifuta asubuhi."

"Mzee wangu, nani anapanga namba?"

"Namba gani?"

"Za ajenda. Nani anasema hili liwe la kwanza, lile la kumi na moja?"

Karani alikoroga chai yake, ingawa ilishakorogwa. "Mimi naandika orodha. Mwenyekiti anaitazama siku mbili kabla. Anahamishahamisha kidogo. Bajeti juu, barua za wananchi chini. Ndiyo desturi."

"Na zile za chini zinafikiwa lini?"

Mzee akamtazama juu ya miwani. Kisha akavuta droo, akatoa kitabu kikubwa cha mihtasari, akakiweka mezani. "Mimi naenda kusalimisha mafaili huko," alisema, maneno yasiyokuwa na maana yoyote. "Kitabu hicho kina vumbi sana ndani."

Mama Chai alisoma kama alivyofundishwa, kidole chini ya mstari, midomo ikitembea. Kikao cha mwezi uliopita. Cha kabla yake. Cha kabla yake tena. Akarudi nyuma mwaka mzima. Kila kikao kilikuwa na maneno yake, wagomvi wake, hoja zake. Lakini mwisho wa kila kikao ulikuwa mmoja, umeandikwa kwa mwandiko uleule wa karani: *Kikao kilisimama kwa chai baada ya namba nane. Baada ya chai akidi haikutimia.* Mara nyingine ni namba saba. Mara nyingine ni tisa. Kamwe si kumi na moja. Taa za barabarani za mtaa wa juu zilikuwa namba kumi na mbili tangu mwaka juzi. Choo cha soko kilikuwa namba kumi, kila mwezi, kama mtu aliyepewa kiti cha kudumu.

Aliusoma mstari ule mara nyingi mpaka ukaanza kumsoma yeye. *Kwa chai.* Chai ya nani? Nani aliyekuwa akifungua mlango kabla mlio haujafa?

Karani aliporudi alimkuta amekaa kwenye kiti cha wageni, kitambaa cha vumbi kimemwangukia miguuni.

"Mzee, kwa nini wasiikatae tu? Wakisema hapana, si tutajua?"

"Ahaa." Karani alikaa. "Kukataa kuna kazi, binti yangu. Ukikataa lazima useme sababu, na mimi lazima niiandike. Mwombaji anapewa nakala. Ana siku kumi na nne za kukata rufaa ofisi ya juu, na huko watauliza hiyo sababu ina miguu au haina. Sasa mwenye akili anakataa ili iweje? Anaacha jambo liingie kwenye orodha, likae, lisubiri. Kila mwezi lipo. Ukilalamika, unaonyeshwa: si hili hapa? Nimekaa hapa miaka ishirini na mbili. Sijaona jambo limeuawa. Yanachoka yenyewe njiani."

"Na letu kwa nini lichoke? Ni mtaro tu."

"Mtaro tu," karani alikubali. "Na ghala tu. Na shemeji wa mtu tu." Akavaa miwani vizuri na kuvuta faili jingine, na kwa namna alivyolifungua, Mama Chai akajua mazungumzo yamefungwa.

&nbsp;

"Kumbe chai yako ndiyo inatunyeshea!" bibi alisema jioni ile, akapiga paja. "Miaka sita mkwe wangu anajisifu, chai haichelewi, chai haichelewi."

"Basi siku hiyo niiunguze," Mama Chai alisema.

"Ukiiunguza watakwenda kunywa hotelini," Fundi alisema. "Na wewe utabaki huna kazi na sisi tuna maji."

"Kwani wanasubiri chai, hao?" bibi aliuliza.

Mama Chai aliacha kuosha sufuria, mikono ikabaki ndani ya povu.

&nbsp;

Siku ya kikao mawingu yalikuwa yamekaa chini, ya rangi ya chuma. Kati ya jiko na ukumbi palikuwa na kidirisha cha kupitishia vikombe, chenye kibao cha kusukuma. Mama Chai alikiacha wazi upana wa kidole. Alisikia bajeti ikipita, ununuzi wa matairi ukipita, mzozo wa eneo la maegesho ukipita baada ya kelele. Kisha kengele, mara mbili.

Mlango ulifunguka kabla mlio haujafa. Sinia likaingia, chai ya moto, mkate, mayai. Madiwani wakavuta viti. Diwani mmoja aliyekuwa muuza nyama, mtu mpana mwenye sauti ya sokoni, ambaye wenzake walimwita Bucha, aliinua bakuli la sukari kama afanyavyo kila mwezi. Chini yake palikuwa na sinia tupu.

"Mama Chai, leo sukari imekalia nini?"

"Ipo, Mheshimiwa. Naileta."

Alirudi jikoni, akafunga mlango, akaketi juu ya kreti la soda. Karatasi ya posho ilikuwa pale alipoiacha, juu ya rafu ya majani ya chai. Akaichukua, akailaza mapajani. Hakuwa na mpango mwingine baada ya huu. Alitaka tu kuona, kama mtu anayeweka jiwe mtaroni aone maji yataelekea wapi.

Ukumbini wakanywa. Wakatafuna. Maganda ya mayai yakalundikana. Hakuna aliyeondoka. Hakuna aliyekumbuka mgonjwa.

Kengele ikalia mara mbili. Hakutoka. Ikalia tena.

"Karani, hebu nenda," sauti ya mwenyekiti ilisema.

Mlango wa jiko ukafunguka. Karani akasimama, akamwona mwanamke juu ya kreti, akaiona karatasi mapajani. Wakatazamana. Mzee alivua miwani, akaifuta kwa tai yake taratibu, akaivaa tena kana kwamba anataka kuhakikisha kitu. Kisha akarudisha mlango, akaondoka. Kupitia kidirisha Mama Chai akamsikia anasema, "Inatafutwa, Mheshimiwa."

"Inatafutwa ndiyo nini?"

"Ndiyo inatafutwa."

Bucha alipiga miayo iliyosikika hadi jikoni. "Sasa tukae tunatazamana kama wafiwa? Namba zimebaki ngapi? Tuzimalize hizo wakati karatasi inakuja."

"Ni vijibarua tu," mwenyekiti alisema.

"Vijibarua si ndiyo vifupi? Soma, karani."

Karani akasoma. Namba tisa ilichukua dakika tatu. Namba kumi, choo cha soko, ilipita palepale. Bucha alikuwa na kibanda cha nyama hatua ishirini kutoka choo hicho, na alizungumza kwa uchungu wa mtu mwenye ushahidi puani. Halafu karani akakohoa, akasoma kwa sauti ile ile kavu barua iliyoandikwa na Fundi kwa mwandiko wake wa kuandikia vipimo. Mama Chai aliyajua maneno yote. Hakuwahi kuyasikia yakisemwa kwenye chumba chenye zulia.

"Jambo hili lina upana," mwenyekiti alisema upesi. "Tuliweke kikao kijacho."

"Limewekwa mara tatu," karani alisema. "Nisome tarehe?"

"Mtaro umeziba wapi?" Bucha aliuliza.

"Barua inasema kwenye ukuta wa ghala."

Mtu mmoja akaanza kumenya yai ambalo hakulihitaji. Kila aliyekuwemo alijua ghala ni la shemeji wa mwenyekiti, na kila mmoja alikuwa anangoja mwingine ajue kwanza.

"Basi sikilizeni," mwenyekiti alisema, na sauti yake ilikuwa ya mtu aliyechoka kusubiri bahasha kama wenzake. "Ghala lile lina kibali halali. Kibali kinasema lijengwe mita sita kutoka ukingo wa mtaro, na limejengwa mita sita. Maji ni ya Mungu. Maombi yamekataliwa. Twendeni."

"Niandike yamekataliwa, Mheshimiwa?"

"Andika."

"Na sababu? Mita sita?"

"Andika, mzee, andika! Unataka nikuimbie?"

Mama Chai aliinuka. Aliingia na karatasi mikononi, imenyooka, haina hata tone la chai. Mwenyekiti alimtazama tangu miguuni hadi usoni.

"Ilikuwa wapi?"

"Jikoni, Mheshimiwa."

"Uliisahau?"

Angeweza kusema ndiyo. Neno lilikuwa jepesi na lilikuwa tayari mdomoni. "Hapana," alisema, na akaliinua bakuli la sukari, akaiweka karatasi mahali pake.

&nbsp;

"Wamekataa!" aliita kabla hajavuka kizingiti. "Mume wangu, wamekataa!"

Fundi alimtazama kama mtu anayetazama ndui. Bibi aliinuka kwenye mto. "Na huyu anayeshangilia, amelogwa?"

Akawaeleza habari ya sababu iliyoandikwa na zile siku kumi na nne za rufaa. Ilibidi aeleze mara mbili, maana mara ya kwanza alianzia katikati. Akawaeleza pia habari ya pili aliyopewa na karani ukumbi ulipokuwa mtupu: kuanzia Jumatatu hatakuwa jikoni tena, atafagia uwanja wa nje, kwenye jua. Chai atapewa mwingine. "Mwenyekiti alitaka nifukuzwe," alisema. "Mzee akamwambia kumfukuza mtu kunahitaji sababu ya maandishi. Mwenyekiti akaliacha."

"Uwanja wote ule?" Fundi aliuliza polepole. "Na mgongo wako?"

"Soma kwanza."

Alimpa nakala yenye muhuri. Fundi akaisoma amesimama. Alipofika kwenye mita sita akarudi nyuma, akazisoma tena. Kisha akachukua tepu yake shingoni ilipokuwa ikining'inia, akatoka.

"Anakwenda wapi?" bibi aliuliza. "Nishusheni! Nishusheni kwenye haya makopo, nami nione!"

Mama Chai na watoto walimshika huku na huku, wakafika nyuma ya ghala polepole. Fundi alikuwa ameshainama. Tepu ya kushonea ina mita moja na nusu. Alikuwa amekwisha kupiga hesabu kwamba mita sita ni tepu nne, akawa na vipande vya chaki tayari kutia alama kila itakapoishia. Bibi akaketi juu ya jiwe, akapewa ncha ya tepu aishike kwenye ukingo wa mtaro. Aliishika kwa mikono miwili. Majirani wawili watatu walianza kusogea kuona fundi anaushonea ukuta nguo gani.

Fundi akavuta tepu kuelekea ukutani. Hakuvuta sana. Mkono wake ukagonga saruji hata kiwiko hakijanyooka. Akaangalia namba. Akaangalia tena. Chaki zilibaki mfukoni.

"Ngapi?" mkewe aliuliza. Alikuwa na daftari la mtoto na kalamu, ukurasa mweupe umefunguliwa.

Mabega ya Fundi yakaanza kutikisika, na kwa muda kidogo hawakujua kama ni kicheko au ni kitu kingine.

"Arobaini na mbili," alisema. "Sentimita. Shingo ya mwenyekiti, mke wangu. Sawasawa kabisa, hata kidole hakipiti."

Tone la kwanza lilianguka kwenye daftari, zito, likatengeneza duara. Mama Chai alilifuta kwa kiganja, akaligeuzia mgongo anga ili karatasi ikae kavu.

"Niandike hivyo hivyo?"

"Andika," alisema Fundi.